Nywele za Mbele za Violet

Kwa aliyekuwa safarini wiki zilizopita, mambo yalifikia hapa.

Violet Nzowa, msusi wa Tunduma mwenye saluni yake upande wa Mpemba, alinyonyoka nywele zote za mbele kwa sababu ya rasta za kubana. Miaka kumi na saba alisuka wenzake na kusukwa mwenyewe, kila mara akisema "kaza, isije ikafumuka." Siku moja akajiangalia kwenye kioo akaona paji la uso limepanda mpaka utosini.

Akaaga watu kwamba anakwenda Dar es Salaam kwenye semina ya wajasiriamali. Semina yenyewe ilikuwa kitanda cha daktari. Alichomwa ganzi, akatolewa mashina ya nywele elfu moja na mia moja kisogoni, akapandikizwa mbele. Aliyejua ni mume wake, Clement, peke yake.

Nywele zikaota. Wateja wakauliza, "Dada, umetumia nini?" Violet badala ya kusema ukweli akanyoosha kidole kwenye kopo la mafuta ya parachichi ya mama yake, lililokuwa limekaa kando ya draya.

Kidole hicho ndicho kilichomponza.

Maana ndani ya miezi minane kopo lile moja lilikuwa limezaa mamia. Kule Nanyala mama yake, Paskalina, alikusanya akina mama tisa wa kanisani, wakaanzisha kikundi cha kukamua mafuta. Na mama hakuwa tapeli hata kidogo. Aliamini kwa moyo wote kwamba mafuta yake ndiyo yaliyomrudishia binti yake nywele. Kila Jumapili alishukuru mbele ya waumini, na Violet, kila alipomtembelea na kukaa benchi la tatu, aliitikia "amina" huku akitazama viatu vyake.

Sasa tuendelee.

*

Jumatatu asubuhi Violet alikuwa anamfumua mteja pale Blessing alipoingia.

Blessing alikuwa mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Mwanamke wa kifua mbele, sauti kubwa, mikono miwili ya kazi. Alikuwa akinunua vitu Tunduma na kuvipeleka Lusaka.

"Mulishani, ba Violet!" alisalimia kwa Kibemba.

"Bwino, ba Blessing. Karibu kiti."

Blessing hakukaa. Alimshika Violet kidevu, akamgeuzia dirishani kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Zimeota," alisema.

"Zimeota," Violet aliitikia, shingo ikiwa bado imepinda.

"Lakini nyepesi. Mwanga ukipiga, naona ngozi."

Violet alijua. Alikuwa anajua kila asubuhi kwa miezi kumi na minne. Alishajifunza kutosimama chini ya ile taa ndefu ya saluni. Alishajifunza kukaa upande wa kivuli kwenye harusi, na kupigwa picha kwa ubavu. Nywele zilikuwepo, hakuna wa kubisha, ila zilisimama mbalimbali, kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye mbegu chache na shamba kubwa.

"Lusaka wana macho," Blessing aliendelea. "Nataka makopo mia tano kwa kuanzia. Lakini nataka na video yako, kichwa wazi, juani kabisa. Zikijaa hapa mbele, nabeba mzigo wote na nikirudi naagiza mwingine."

"Na zisipojaa?"

"Zisipojaa vipi? Si mafuta ni yenu? Paka mara mbili, ba Violet! Paka mara tatu!"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akacheka. Violet naye akacheka, kwa kuwa angefanya nini.

Blessing alipotoka tu, simu ikalia kwenye droo. Ulikuwa ujumbe wa daktari Sebastian, yuleyule wa Dar es Salaam.

*Nipo Mbeya wiki hii hadi Ijumaa. Uliniuliza kuhusu kupandikiza mara ya pili ili zijae. Njoo nikutazame.*

Violet aliusoma mara tatu. Kichana kikamdondoka.

*

Clement alikuja kula mchana. Alikuwa mtu wa kubeba mizigo ya wafanyabiashara kwa kirikuu chake, na alikuwa na kipara kinachong'aa kama sufuria mpya.

Violet akampa simu asome. Akasoma huku anatafuna.

"Unakwenda?"

"Sijui, Baba Brenda. Ndiyo nakuuliza."

"Mimi nina kipara tangu nina miaka ishirini na sita," Clement alisema. "Hakuna mteja aliyewahi kushusha mzigo kwa sababu hiyo."

"Wewe ni mwanaume. Kipara chako wanakiita heshima. Changu wanakiita ugonjwa."

Clement akaacha kula. Akanawa mikono taratibu.

"Nina swali moja tu, Mama Brenda. Hizo nywele za nyongeza unazitaka wewe, au anazitaka Blessing?"

Violet akakasirika. Akaondoa sahani ambayo ilikuwa bado na ugali. Alikasirika kwa sababu moja tu: alitaka kujibu, akakuta hajui.

*

Jumanne jioni, wateja walipokwisha, Yunisi alibisha hodi.

Yunisi alikuwa mwalimu wa chekechea hapo Mpemba na mwimbishaji wa kwaya. Msichana mpole, ameolewa mwaka wa pili. Aliingia, akaangalia huku na huku, akaona hakuna mtu, akavua wigi.

Mbele hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa laini, inang'aa kwa mafuta.

"Dada Violet, naomba uniangalie," alisema. "Nadhani napaka vibaya."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Wenzangu wote wananiambia zako ziliota. Mimi huu mwezi wa nane na kopo la nne, hata unywele. Kosa lazima liwe kwangu." Akahesabu kwa vidole makosa aliyodhani anayo. "Nilikuwa napaka asubuhi tu. Nikaongeza jioni. Sasa hivi napaka mara nne. Nimeacha hata kula parachichi, nisije nikauzoesha mwili."

Violet akabana midomo.

"Mume wangu anasema labda damu yangu haipatani nalo. Na watoto darasani, dada, watoto wamenipa jina."

"Jina gani?"

"Mwalimu Kachumbari. Wanasema nanukia parachichi."

Violet akapasuka kicheko. Hakukusudia. Kikatoka chenyewe, cha nguvu, mpaka akashika meza. Kisha akamwona Yunisi anatabasamu kwa aibu, anasubiri kuelekezwa namna ya kupaka vizuri zaidi, na akaacha kucheka.

Binti huyu hakuwa amekuja kudai. Hakuwa amekuja kulalamika. Alikuwa amekuja kuomba radhi kwa kichwa chake mwenyewe.

Violet akaenda akafunga mlango.

"Yunisi, kaa."

Yunisi akakaa. Violet akamgeuzia mgongo, akapiga magoti mbele yake, akainua nywele za nyuma kwa mikono miwili.

"Weka kidole hapo. Papasa."

"Kuna vikovu," Yunisi alisema. "Vidogo vidogo. Vingi."

"Kila kikovu ni shina la nywele lililotolewa kwa sindano. Likahamishiwa mbele. Sikwenda semina, mdogo wangu. Nilikwenda kwa daktari. Nilipandikizwa."

Yunisi akaondoa kidole.

"Zote?"

"Zote unazoziona."

"Kwa hiyo mafuta..."

"Mafuta ni mazuri. Yanalainisha ngozi. Ukipaka kisiginoni utayapenda."

"Kisiginoni," Yunisi alirudia.

Alisimama. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na ule upole wote ulikuwa umeondoka usoni. "Miezi minane, dada Violet! Miezi minane nalala na mume wangu nimejifunga mfuko wa nailoni kichwani! Nakusalimia kanisani kila wiki, unaniuliza 'vipi, zimeanza?' Unaniuliza mwenyewe!"

"Niliuliza."

"Ulikuwa unacheka moyoni?"

"Hapana. Nilikuwa naomba ziote, ili nisiwe mwongo."

Yunisi akanyakua wigi, akalipiga kichwani kwa hasira, akaelekea mlangoni. Lakini alilivaa kinyume. Upande wa nyuma ukaja mbele, ukamfunika macho, na akaugonga mlango kwa paji la uso, paa!

Akasimama pale, ndani ya nywele.

"Yunisi," Violet aliita kwa woga.

Mabega ya Yunisi yakaanza kutikisika. Violet akadhani analia. Akamsogelea, akamgeuza, akalisogeza wigi. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka mashavuni. Wakashikana wote wawili, wakacheka mpaka wakakaa chini sakafuni kwenye nywele zilizonyolewa.

"Sijakusamehe," Yunisi alisema alipopata pumzi. "Nacheka tu."

"Najua."

"Iliuma?"

"Sindano za ganzi ziliuma. Baada ya hapo nililala usingizi."

"Huyo daktari yuko wapi?"

"Yuko Mbeya mpaka Ijumaa. Nami nimeitwa. Anataka kunitazama kama naweza kuongezewa."

Yunisi akajipangusa macho, akasimama, akavaa wigi vizuri safari hii. Alipozungumza tena ilikuwa sauti ya mwalimu.

"Kesho naomba ruhusa shuleni. Tunakwenda wote. Na tukirudi, unamwambia mama yako. Shangazi yangu yumo kwenye kile kikundi cha Nanyala. Siwezi kusimama mbele ya kwaya na hili jambo tumboni."

*

Saa nne asubuhi ya Jumatano walikuwa Mbeya.

Daktari Sebastian alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine juu ya kichwa. Alianza na Yunisi. Alimtazama kwa kilenzi muda mrefu, akimgeuza polepole.

"Hii ni dawa ya kulainisha nywele, halafu kubana juu yake," alisema. "Lakini huku pembeni mashina bado hai. Usikimbilie kitanda. Acha kubana, acha dawa za saluni, nitakuandikia ya kupaka ya hospitali. Tuonane baada ya miezi sita."

"Na parachichi?"

"Parachichi kula."

Yunisi akamtazama Violet kwa jicho ambalo Violet alilikwepa.

Ikawa zamu yake. Daktari alipima mbele, akapima kisogo, akaandika, akapima tena. Mwisho akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Nikikuongezea mashina mia saba, mbele patajaa," alisema. "Hilo sina wasiwasi nalo. Hata juani hutaona ngozi."

Moyo wa Violet ukaruka.

"Lakini nisikilize. Nywele hizi sizitoi hewani, nazitoa kisogoni, na huko hazioti tena. Mara ya kwanza tulichukua nyingi. Tukichukua tena, akiba itakayobaki ni ndogo. Una miaka thelathini na minane. Ukija kupatwa na jambo ukiwa na hamsini, sitakuwa na pa kuchota."

"Nikiacha?"

"Unabaki na hizi. Si mbaya. Mtu asiyejua hatagundua."

"Mimi najua."

"Ndiyo maana umekuja." Daktari akavua miwani mmoja. "Kuna jambo la pili. Mara ya kwanza nilinyoa sehemu ndogo nyuma, nywele za juu zikafunika. Safari hii itabidi ninyoe kisogo chote, ili nione ninapochukua. Na mbele patakuwa na magamba siku kumi. Wigi hapana. Kilemba cha kubana hapana. Wiki ya tatu nywele nilizopanda zitadondoka, kabla ya kuota tena kuanzia mwezi wa nne. Unakumbuka."

"Nakumbuka. Nilijificha gesti Dar wiki tatu."

"Sasa uko Tunduma. Utajificha wapi?"

Violet akajishika kisogo.

"Nenda kakae nje nusu saa," daktari alisema. "Nafasi niliyonayo ni ya kesho Alhamisi asubuhi. Ukiitaka, niambie. Usipoitaka, tutabaki marafiki."

*

Walikaa kwenye benchi nje. Yunisi alinunua karanga.

"Mimi ningekuwa wewe ningeacha," alisema. "Hizo ulizonazo, ningepewa mimi, ningelala nimesimama zisikunjike."

Violet akacheka kidogo. Kisha swali la Clement likarudi.

Alianza na Blessing. Akajiuliza: Blessing asingekuja Jumatatu, kungekuwa hakuna makopo mia tano wala Lusaka, ningekaa hapa? Akajiona wiki zilizopita, saluni imefungwa, yuko peke yake na kioo, anazichana zile nywele chache kwenda mbele, kisha nyuma, kisha ubavuni. Hapakuwa na mteja. Hapakuwa na video. Alikuwa yeye tu, anazitafuta nywele zake.

Alizipenda nywele. Ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ana miaka kumi na tisa, na hata kabla ya hapo aliwasuka wanasesere wa magunzi. Hakuona haya kuzitaka. Haya ilikuwa kwenye kopo.

Na lile jambo la kunyoa kisogo? Hilo ndilo lililomshtua zaidi. Alitegemea limwogopeshe. Badala yake aliona kifua kinapumua. Akifanyiwa safari hii, hakuna semina ya kusingizia. Atarudi saluni na magamba yake mbele na kisogo kitupu nyuma, na kila atakayeuliza "umetumia nini" ataonyeshwa.

Alikuwa amechoka kuogopa taa.

"Nafanya," alisema.

Yunisi akaacha kutafuna. "Kwa ajili ya yule wa Nakonde?"

"Yule wa Nakonde hapati video. Nafanya kwa sababu nazitaka. Nikiwa na hamsini nitakaa na kipara kama Clement."

Waliingia ndani pamoja. Daktari alikuwa anaandika.

"Alhamisi," Violet alisema.

"Umeapa kuacha rasta za kubana?"

"Nimeapa."

"Na mwaka jana uliapa."

"Mwaka jana niliapa nimelala kifudifudi, daktari. Leo nimesimama."

*

Gari la kurudi lilipofika Nanyala, Violet alishuka. Yunisi alibaki dirishani.

"Kwaya ni Ijumaa," alisema. "Nikikuta hujasema, nitaanza kuimba mwenyewe."

Gari likaondoka.

Nyumbani kwa mama kulikuwa kumechangamka. Akina mama tisa walikuwa uani, wamezunguka mabeseni, wanachota nyama ya parachichi kwa vijiko na kusimuliana. Walimpokea Violet kwa vigelegele. Mmoja wao, Mama Gwakisa, akamshika mkono hataki kumwachia.

"Binti yetu! Kichwa chako kimempeleka mwanangu sekondari, unajua? Sare, daftari, kila kitu. Mungu akizidishie."

Violet akasema asante. Ilitoka kama kikohozi.

Mama yake alikuwa jikoni, anakoroga sufuria kubwa. Paskalina alikuwa na miaka sitini na miwili, mfupi, mwepesi, na kwa miaka ishirini alifundisha watoto wa Jumapili. Violet alipokuwa darasa la tatu alirudi nyumbani na kifutio kisicho chake. Mama alimtembeza mpaka kwa mwenyewe jua likiwaka, akasimama kando mpaka aliposema "nilichukua, nisamehe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku ya kazi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mama, acha kukoroga kidogo."

"Yataungua."

"Basi koroga, ila unisikilize."

Akamwambia. Alimwambia lote, kuanzia semina mpaka kidole, kuanzia kidole mpaka Yunisi. Hakujitetea. Mwiko uliendelea kuzunguka ndani ya sufuria, kisha ukapunguza mwendo, kisha ukasimama.

"Walikutoboa kichwa," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mafuta yangu?"

"Mafuta yako ni mazuri sana. Yanalainisha ngozi. Hayaoteshi nywele."

Mama alitazama ndani ya sufuria kana kwamba angeona humo mtu mwingine wa kumwuliza.

"Nani anajua?"

"Clement. Na Yunisi, tangu jana."

"Kwa hiyo mimi ni wa tatu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi niliyesimama kanisani. Wa tatu, Violet."

Hapo Violet akalia. Aliyoyaogopa yote hayakuwa hayo. Aliogopa kugombezwa, aliogopa kutembezwa juani. Hakuwa amefikiria kwamba mama atauliza yeye ni wa ngapi.

Mama akamwacha alie. Kisha akachukua pindo la kitenge akampangusa uso, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto mwenye kamasi.

"Na huko kwa daktari leo ulikwenda kufanya nini?"

"Kesho ananipandikiza tena. Zijae. Safari hii kila mtu ataona, mama. Sitaficha. Nitawaambia hawa akina mama, nitamwambia na Blessing."

"Kesho."

"Kesho Alhamisi."

"Zikipandwa, zinajaa kweli?"

"Zinajaa, ila..."

Honi ikapigwa nje. Ndefu, ya furaha, mara tatu. Vigelegele vikaanza upya uani.

Violet akachungulia dirishani. Gari la Nakonde. Blessing alikuwa anateremka na katoni mikononi, anaifungua hapohapo mbele ya akina mama. Ndani yake zilikuwa karatasi za kubandika kwenye makopo, mamia, na kila karatasi ilikuwa na sura ya Violet. Mtu alikuwa ameichezea picha. Nywele za mbele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka karibu na nyusi.

"Ba mayo!" Blessing alimwita mama kwa Kibemba. "Nimekuja kuona chungu chenyewe! Lusaka hawawezi kusubiri zijae, mzigo nitaubeba leo, uliopo wote!"

Akina mama wakaanza kucheza. Mama Gwakisa alibandika sura ya Violet kifuani pake.

"Mama, niache nitoke nikaseme," Violet alisema.

"Kaa hapo," mama alisema. "Mimi ndiye niliyewaita wanawake hawa. Mimi ndiye nitakayetoka."

Alifunga kitenge upya, akapangusa mikono, akatoka. Violet akashusha pumzi. Alimfahamu mama yake. Ukweli ulikuwa unatoka na miguu miwili kwenda uani, na haukuwa na haja ya msaada.

"Karibu, mwanangu," alimsikia akisema, kwa sauti changamfu. "Makopo mia mbili na arobaini yako tayari. Mengine utapata wiki ijayo."

Violet akageuka kutoka dirishani.

"Na ba Violet?" Blessing aliuliza. "Nywele zinaendeleaje? Zimejaa?"

"Zinajaa," mama alisema. "Mpe muda kidogo tu, utaona mwenyewe."

Violet hakujua alivyofika mlangoni. Alijikuta amesimama juani, kichwa wazi, akina mama tisa wamemgeukia na Blessing anampungia kwa shangwe, simu tayari iko juu, inachukua video.

"Ndiye huyo! Ba Violet, sogea, sogea hapa kwenye mwanga! Waambie watu wa Lusaka kwa mdomo wako: nywele hizi zilitoka wapi?"

Akina mama wakaacha kucheza. Mama Gwakisa alikuwa anatabasamu, mkono juu ya ile karatasi kifuani.

Na nyuma ya Blessing, mahali ambapo simu haikuweza kumwona, Paskalina aliangalia ile karatasi kifuani kwa Mama Gwakisa, kisha akamtazama binti yake machoni na kutikisa kichwa, polepole, mara mbili: usiseme.